Nyanya Zinanyauka Ingawa Umeweka Mbolea ya Bayochari: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Mkulima aliyechoma pumba za mpunga mwenyewe, akazichanganya na mboji, akasubiri majuma sita na hatimaye akaisomba mbolea hiyo hadi shambani, ana haki ya kuuliza kwa nini nyanya zake zinaendelea kunyauka. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na karibu kila mara jibu halikuwa ndani ya mbolea peke yake. Bayochari, yaani mkaa mwepesi uliochomwa kwa hewa chache ili uingie udongoni badala ya jikoni, haiui vimelea kama kiuatilifu kinavyoua. Kazi yake ni kubadilisha mazingira ya mzizi: inapunguza tindikali ya udongo, inanasa sehemu ya majimaji yenye sukari ambayo mizizi huyatoa na ambayo huwavuta bakteria wa mnyauko, na vitundu vyake vidogo huwapa makao bakteria na kuvu wenye manufaa. Mabadiliko hayo yanahitaji muda, yana kipimo chake, na yanaweza kuharibiwa na maji ya mfereji mmoja yaliyopita katika shamba lenye ugonjwa.

Mwongozo huu nimeuandika nikifikiria zaidi nyanya za maeneo kama Ilula mkoani Iringa, ambako zao hilo hulimwa msimu baada ya msimu katika mashamba yaleyale, na ambako pumba za mpunga hazikosekani kwa kuwa Pawaga, kunakolimwa mpunga, hakuko mbali. Mengi yanafaa pia kwa bilinganya na pilipili hoho. Viazi mviringo vina tahadhari yake, nayo nimeieleza mahali pake.

Kabla ya kuilaumu mbolea, ng'oa mmea

Kosa linalogharimu kuliko yote ni kutibu ugonjwa ambao haupo. Mmea wa nyanya hunyauka kwa bakteria, kwa kuvu wa fusari, kwa minyoo fundo, kwa maji yaliyotuama, na hata kwa shina lililoliwa na sota, yaani viwavi wakata mashina, chini ya udongo, na mtu aliyesimama kando ya tuta huyaona yote hayo kama jambo moja. Chagua mmea ulioanza kunyauka jana au leo, usichague uliokwisha kukauka, kisha uchimbue pamoja na mizizi yake badala ya kuuvuta, kwa sababu ukiuvuta mizizi midogo hubaki ardhini na ushahidi hubaki nayo.

Kata kipande cha shina chenye urefu wa sentimita kama 10 kutoka karibu na ardhi, ukitumbukize ncha moja katika glasi ya maji safi, ukishikilie bila kukitikisa. Ikiwa ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria, ambao msababishaji wake huitwa Ralstonia solanacearum. Ikiwa maji yamebaki safi, pasua shina kwa urefu. Mishipa ya kupitisha maji ikiwa na rangi ya kahawia, na majani ya chini yakiwa yalitangulia kugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, hapo unashughulika na mnyauko fusari. Mizizi yenye vinundu vilivyoota ndani yake, visivyong'oka bila kuukata mzizi, ni kazi ya minyoo fundo. Mizizi iliyolainika, ikawa ya kahawia na kunuka uvundo, huelekeza kwenye maji yaliyozidi na kuvu wanaopenda maji hayo.

Kipimo cha glasi hakigharimu kitu, na ningependa kila anayeuza mbolea ya bayochari amfundishe mnunuzi wake kukifanya kabla ya kupokea fedha.

Mimea inaanguka ikiwa bado ya kijani, na glasi imetoa maziwa

Hili ndilo tatizo kubwa, na ndilo linalowakatisha watu tamaa. Mmea huonekana mzima asubuhi, hulegea mchana, hujikaza tena jioni, na baada ya siku chache haunyanyuki tena. Udongo wenye joto huuharakisha, kwa kuwa bakteria hao hustawi zaidi panapokaribia nyuzijoto 30.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni wakati ulipoweka mbolea. Majaribio yaliyofanywa nchini China kwa nyanya yameonyesha kwamba bayochari hupunguza mnyauko wa bakteria kwa kuwavuruga kabla hawajaufikia mzizi: inanasa majimaji ya mizizi yanayowaongoza, na inawapunguzia uwezo wa kusogea. Kwa hiyo mbolea iliyomwagwa juu ya tuta baada ya mimea kuanza kunyauka haina tena la kuzuia, maana bakteria wamekwisha kuingia kwenye mishipa, mahali ambapo mkaa hauwezi kuwafuata. Mbolea inapaswa kuwa imechanganywa na udongo wa shimo la kupandia majuma mawili hadi manne kabla ya kuhamisha miche, na udongo huo uwe na unyevu muda wote huo, kwa sababu viumbe wenye manufaa hawaongezeki katika vumbi.

Sababu ya pili ni maji. Fuata mfereji kuelekea unakotoka. Ikiwa maji yanapita katika shamba la jirani mwenye nyanya, viazi au bilinganya zilizonyauka kabla ya kufika kwako, basi kila umwagiliaji unaleta shehena mpya ya bakteria, na hakuna kiasi cha bayochari kitakachoshindana na shehena hiyo. Tazama pia mpangilio wa mimea iliyokufa: ikiwa imefuatana kwenye mstari mmoja kuelekea yanakotiririka maji, mfereji ndio mshukiwa wa kwanza, ikiwa imetawanyika hapa na pale tangu majuma ya mwanzo, mshukiwa ni miche yenyewe. Ikiwa imekufa kwa mafungu mahali palepale palipokufa mimea mwaka uliopita, ugonjwa ulikuwa umelala udongoni.

Sababu ya tatu husahaulika kwa kuwa imo miongoni mwa mboga tunazozipenda. Mnavu ni ndugu wa nyanya, na hubeba bakteria haohao hata pale usipoonyesha dalili yoyote. Shamba linalopumzishwa nyanya huku mnavu ukiachwa uote kando ya matuta halijapumzishwa.

La kufanya sasa ni kuchimbua mimea yote iliyotoa maziwa kwenye glasi, pamoja na udongo unaoshikamana na mizizi, kuitia kwenye mfuko na kuitoa nje ya shamba. Usiitupe mferejini, na usiitupe kwenye lundo la mboji. Majembe na visu vioshwe kwa maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, kabla ya kuhamia tuta lingine. Kuanzia msimu unaofuata panda mahindi, na mengine ya jamii ya nyasi, kwa misimu kadhaa. Na kama lazima uendelee na nyanya, tumia miche iliyounganishwa juu ya shina la bilinganya aina ya EG203, ambayo Kituo cha Mboga Duniani, chenye ofisi yake ya kanda Arusha, kimeipendekeza kwa ajili ya mnyauko huu. Bayochari huongeza nguvu kwa hatua hizo. Haizichukulii nafasi.

Mnyauko ni wa polepole, majani ya chini yametangulia kuwa manjano

Mnyauko fusari huipa bayochari nafasi nzuri zaidi, kwa sababu kuvu huyo hupendelea udongo wenye tindikali, na bayochari nyingi huwa na pH (kipimo cha tindikali na alkali, ambapo chini ya 7 ni tindikali na juu yake ni alkali) ya kati ya 8 na 10. Ukiona mbolea haijasaidia, pima kwanza pH ya udongo. Nyanya hufurahia pH ya 6.0 hadi 6.8, na ikiwa udongo wako umebaki chini ya 5.5 licha ya mbolea, maana yake ni kwamba kiasi ulichoweka kilikuwa kidogo kulingana na tindikali iliyopo, na chokaa ya kilimo itafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko mkaa. Udongo unaweza kupimwa katika kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kilichoko Muheza, au katika maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Angalia pia mbolea ya kukuzia. Naitrojeni ya aina ya amonia, hasa salfeti ya amonia, huongeza tindikali na humpa fusari nguvu, ilhali naitrojeni ya aina ya naitreti humpunguza. Anayeweka bayochari kwa mkono mmoja na salfeti ya amonia kwa mkono mwingine anajenga na kubomoa. Tumia CAN badala yake, ambayo sehemu ya naitrojeni yake ni naitreti. Mwisho, soma pakiti ya mbegu: herufi F baada ya jina la aina (si F1, ambayo maana yake ni chotara) huonyesha ukinzani dhidi ya fusari, na kuichagua aina hiyo ni rahisi kuliko kuutibu udongo.

Kinyausi kitaluni kimeongezeka baada ya kuweka bayochari

Wengi hawaamini jambo hili wanapolisikia mara ya kwanza, lakini ni kweli kwamba bayochari nyingi kupita kiasi inaweza kuongeza ugonjwa, kikiwemo kinyausi, ambacho huozesha shina la mche karibu na ardhi ukaanguka. Watafiti wa Kituo cha Volcani nchini Israel, ambao mwaka 2010 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba bayochari iliyowekwa udongoni iliikinga hata majani ya nyanya na pilipili dhidi ya magonjwa ya ukungu, baadaye waligundua katika maharage na matango kwamba kiasi kisichozidi asilimia 1 ya uzito wa udongo kilipunguza kinyausi kinacholetwa na kuvu aitwaye Rhizoctonia, ilhali asilimia 3 na kuendelea mara nyingine ilikizidisha, hata pale ambapo miche yenyewe ilionekana kukua vizuri zaidi.

Tatizo ni kwamba mtafiti hupima kwa uzito na mkulima hupima kwa debe. Pumba zilizochomwa ni nyepesi mno. Debe la lita 20 lililojaa udongo lina uzito wa karibu kilo 24, hivyo asilimia 1 yake ni gramu 240 za bayochari kavu, ambazo kwa pumba zilizochomwa ni kama lita moja na nusu hadi mbili. Anayechanganya nusu kwa nusu, debe la udongo kwa debe la pumba zilizochomwa, amefika zaidi ya asilimia 10 bila kujua. Ukikuta kinyausi katika kitalu cha namna hiyo, usiongeze dawa. Changanya upya udongo kwa kipimo cha lita mbili kwa debe, punguza umwagiliaji, mwagilia asubuhi ili uso wa udongo uwe umekauka jioni, na usisongamanishe mbegu.

Kwa shamba, hesabu ileile huokoa fedha. Kueneza asilimia 1 katika ekari nzima kwa kina cha sentimita 15 kunahitaji karibu tani 8, mzigo ambao mkulima mdogo hawezi kuubeba wala hana haja ya kuubeba. Shimo la kupandia lenye sentimita 20 kila upande lina udongo wa kilo kama 10, hivyo gramu 100 za bayochari zinatosha, na kwa mimea 10,000 ya ekari moja hiyo ni tani moja. Ikiwa mbolea yako ina sehemu moja ya bayochari kwa sehemu nne za mboji kwa uzito, weka nusu kilo ya mchanganyiko kwa kila shimo.

Mimea haifi, lakini imedumaa na kugeuka manjano

Angalia ni majani yapi. Yakiwa ni ya chini na yamefifia yote kwa pamoja, mmea unakosa naitrojeni, na sababu ya kawaida ni bayochari mbichi, yaani iliyoingia shambani moja kwa moja kutoka kwenye moto bila kulishwa. Mkaa wa namna hiyo hunasa naitrojeni ya udongo kabla mizizi haijaipata. Mmea wenye njaa huwa dhaifu mbele ya kila ugonjwa wa mizizi, na ndiyo maana wengine huapa kwamba bayochari imewaletea mnyauko. Weka CAN kuzunguka mimea, au mkojo wa ng'ombe uliozimuliwa kwa maji mara kumi. Msimu ujao, lisha bayochari kabla ya kuitumia: ichanganye na samadi na majani mabichi tangu siku ya kwanza ya kutengeneza mboji, ikiwa sehemu moja hadi mbili kati ya kumi za lundo kwa ujazo, au iloweke kwenye mkojo wa mifugo kwa majuma mawili.

Yakiwa ni majani machanga ya juu, na manjano yapo kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, udongo umekuwa na alkali mno na mmea hauwezi kuvuta madini ya chuma na manganizi hata kama yamo. Hapo acha bayochari, acha majivu na acha chokaa. Nyunyizia majani mbolea ya madini hayo, na tegemea mboji peke yake kwa msimu mmoja au miwili. Mashamba ya mabonde makavu yenye magadi hayafai mbolea hii hata kidogo.

Vinundu vya minyoo fundo havijapungua

Usitarajie mengi kutoka kwa bayochari peke yake. Mboji iliyomo ndani ya mbolea hiyo husaidia zaidi kuliko mkaa, kwa kuwa huongeza viumbe wanaowala minyoo. Kuupika udongo kwa jua, ukiwa umelowa na kufunikwa kwa nailoni angavu majuma manne hadi sita wakati wa joto, hufanya kazi katika kitalu. Kisha ndipo uweke bayochari iliyolishwa ili kurudisha uhai ulioondoka. Tahadhari moja: mkaa hunasa pia viuatilifu vinavyowekwa udongoni, kwa hiyo dawa ya minyoo iliyokuwa ikifanya kazi zamani inaweza kuonekana imepoteza nguvu. Kuongeza dozi si suluhisho.

Viazi mviringo vimetoka na upele

Kwa wakulima wa Njombe na Mbeya jambo hili lina uzito. Bakteria wa upele wa viazi hawapendi udongo wenye pH chini ya 5.2, na huongezeka pH inapopanda, kinyume kabisa na fusari wa nyanya. Bayochari yenye majivu mengi inaweza basi kupunguza ugonjwa mmoja na kuufungulia mlango mwingine katika mzunguko wa mazao uleule. Panapolimwa viazi, iweke bayochari kwenye zao jingine la mzunguko, kwa kiasi kidogo, na udumishe unyevu wakati viazi vinapoanza kutunga. Kuhusu mnyauko wa bakteria kwenye viazi, chunguza mbegu kwanza: kiazi kilichokatwa kikatoa usaha kwenye duara la ndani hakitaponywa na mbolea yoyote.

Mbolea yenyewe ina kasoro

Nimeiweka sehemu hii hapa kwa makusudi, kwa sababu watu huanza nayo wakati ambapo makosa ya shambani ni mengi zaidi. Hata hivyo zipo mbolea mbovu, na zinatambulika. Sugua bayochari kati ya vidole kisha nawa kwa maji matupu. Ikitoka mara moja, ni safi. Ikiacha mafuta yanayodai sabuni, au ikinuka moshi mkali, ina lami, na lami hudhuru mizizi. Vunja kipande: kikiwa cha kahawia ndani hakikuiva. Ikiwa sehemu kubwa ni unga wa kijivu, kilichobaki ni majivu, na vitundu vilivyokuwa makao ya viumbe vimeungua. Pumba huchomwa vizuri kwa kuzirundika kuzunguka debe lenye matundu na bomba la bati juu yake, moto ukiwa ndani ya debe, zikigeuzwa mpaka zote ziwe nyeusi, kisha kuzimwa kwa maji mengi kabla hazijaanza kuwa kijivu.

Jaribu mbegu pia. Panda mbegu 20 za mchicha katika udongo mtupu na nyingine 20 katika udongo uliochanganywa na mbolea yako kwa kipimo cha shambani. Ikiwa baada ya juma moja zilizo na mbolea zimeota chache kwa dhahiri, au mizizi yake ni mifupi na imeungua ncha, mbolea haijaiva au ina chumvi nyingi, hasa ikiwa ilitengenezwa kwa samadi ya kuku. Iache ikae mwezi mwingine ikiwa na unyevu.

Kasoro ya hatari kuliko zote ni mboji ambayo haikupata joto. Lundo linapaswa kufika nyuzijoto 55 au zaidi kwa siku kadhaa na kugeuzwa mara kwa mara, ili kila sehemu ipite katikati penye joto. Choma fimbo hadi katikati ya lundo, iache dakika kumi, ichomoe: ikiwa unaweza kuishikilia kwa starehe, lundo halijapata joto. Aliyetia humo mashina ya nyanya zilizonyauka, na lundo likabaki vuguvugu, amesambaza ugonjwa kwa mikono yake katika kila shimo alilolipanda. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mabaki ya nyanya yasiingie kabisa katika mboji itakayorudi kwenye nyanya. Trikoderma, ambaye ni kuvu mwenye manufaa, au bakteria wa kununua waongezwe baada ya lundo kupoa, na mbolea ikae kivulini. Joto la lundo, au jua la paa la bati, huwaua hao pia.

Mwaka wa kwanza ilisaidia, mwaka wa pili haikusaidia

Mkaa wenyewe hauozi kwa haraka, bali chakula kilichokuwa ndani yake huisha, na viumbe wanaokitegemea hupungua. Mashimo ya mwaka jana yanahitaji mboji mpya kila msimu. Bayochari mpya si lazima, na kuiongeza kila mwaka kunakuleta polepole kwenye kiwango kile kinachodhuru.

Lakini kabla ya kukubali kwamba ilisaidia au haikusaidia, acha matuta mawili bila mbolea hiyo, moja katikati ya shamba na jingine pembeni, yakiwa na mbegu ileile, maji yaleyale na tarehe ileile ya kupanda. Hesabu mimea iliyonyauka kila juma katika matuta hayo na katika mawili ya jirani yenye mbolea, ukiandika kwenye daftari na ukifanya kipimo cha glasi kwa kila mmea uliokufa. Ikiwa vifo ni sawa kila upande na vimefuata mfereji, rudi kwenye maji. Ikiwa matuta yenye mbolea yamepoteza mimea mingi zaidi, rudi kwenye kipimo na kwenye joto la lundo. Ikiwa yamepoteza michache lakini bado inakufa, mbolea inafanya sehemu yake, na kilichobaki kiko kwenye miche, kwenye mnavu wa kando ya shamba, au kwenye jembe ulilomwazima jirani.